Nyumba ya Segerea na seva isiyohitajika: uchambuzi wa kisa

Familia ninayoizungumzia inaishi Segerea, Tabata, kwenye kiwanja chenye majengo matatu: nyumba kubwa, banda la uani lenye vyumba viwili, na fremu inayotazama barabara. Mzee ni mhasibu mstaafu na mweka hazina wa kikoba cha mtaa. Mama ni mwalimu wa sekondari, na jioni anafundisha tuisheni barazani. Kijana wao anakaa banda la uani na anahariri video za harusi, sendofu na kipaimara. Fremu ni steshenari ya kawaida ya Dar: kopi, barua, picha za pasipoti, kujaza fomu za mtandaoni. Anayeisimamia ni binti yao.

Kila mmoja ana kompyuta yake, kwa hiyo zipo nne, pamoja na printa moja kubwa iliyoko fremu. Intaneti inaingia kupitia kisanduku cha kampuni ya simu kilichowekwa sebuleni.

Walinitafuta kwa sababu ya karatasi ya makadirio. Kampuni moja ya mjini iliwaandikia seva, yaani kompyuta ya kati ya kuzihudumia nyingine, kabati la chuma la kuiwekea, leseni za programu na malipo ya matengenezo ya kila mwezi. Mzee aliipitia yote kwa jicho la mkaguzi, akapiga mstari chini ya jumla, kisha akanigeukia: "Fundi, hebu niambie. Hii mashine itanifanyia nini ambacho hizi nne haziwezi?"

Jibu langu lilikuwa kwamba kwa nyumba yake haitafanya kitu cha maana. Kazi iliyokuwepo pale ni ya kuamua: faili linakaa wapi, nani anaruhusiwa kulifungua, na nani anaruhusiwa kulibadilisha. Seva ingewekwa kabla ya maamuzi hayo, vurugu ile ile ingehamia ndani yake.

Vurugu yenyewe

Mama alikuwa akiandaa mitihani kwenye laptopu yake sebuleni, anaiweka kwenye flashi, mtoto wa jirani anaipeleka fremu, binti anachapa. Flashi hiyo inaingia kwenye kompyuta ambayo kutwa nzima inapokea flashi za wateja. Mwenye steshenari yeyote anaujua ugonjwa huu: unafungua flashi unakuta folda zote zimegeuka njia za mkato na faili halisi zimefichwa. Virusi vikarudi na flashi hadi kwenye laptopu ya mama, na kesho yake mama akaenda navyo shuleni.

Daftari la kikoba ndilo lilikuwa balaa zaidi. Lilianzia kwenye mashine ya mzee. Likipelekwa fremu kuchapwa, binti anaona jina limekosewa, analirekebisha huko huko na kuhifadhi. Mzee naye anaendelea na nakala yake. Nilikuta "Hesabu mpya", "Hesabu mpya 2" na "Hesabu mpya YA MWISHO", kila moja na salio lake. Kwa wanakikoba, hilo linatosha kuvunja undugu.

Kijana alikuwa na shida ya nafasi tu. Diski yake inajaa kila msimu wa harusi, wakati mashine ya mzee ina diski kubwa iliyo tupu zaidi ya nusu.

Kwa nini si seva

Seva ya ofisini ina kazi moja ambayo watu wengi hawaioni: kutunza orodha moja ya watumiaji kwa ajili ya mashine zote. Ukiwa na wafanyakazi arobaini huwezi kuzunguka meza kwa meza kila mtu anapobadilisha nywila. Kwa watu wanne, orodha hiyo inaenea kwenye kikaratasi. Windows ya kawaida, bila seva yoyote, inaruhusu vifaa hadi 20 kutumia folda na printa zake za pamoja. Nyumba hii, hata ukijumlisha simu zote na runinga, haifiki huko.

Kuna na umeme. Mashine inayokula wati 80, ikiwashwa mchana na usiku kwa siku 30, inamaliza uniti 57 na ushee. TANESCO inapopanga wateja wadogo wa majumbani, mpaka wao ni uniti 75 kwa mwezi. Yaani mashine moja ingekula zaidi ya robo tatu ya mgao wa nyumba ndogo, ili kutunza mitihani na daftari la kikoba.

Lakini "bila seva" kuna namna kunavyopotosha. Mashine yoyote inayotoa folda kwa wenzake ndiyo inayowahudumia muda huo. Ikizimwa, folda haipo. Kwa hiyo swali halikufutika, lilibadilika tu likawa: kati ya hizi nne, ni ipi itakayobeba?

Laptopu ya mama inaondoka naye kila asubuhi, hiyo haifai. Mashine ya kijana inafanya kazi nzito usiku na kulala hadi saa tano. Ya fremu ndiyo iliyokaa vizuri kwa saa: inawashwa saa mbili asubuhi, inazimwa saa tatu usiku. Binti aliipendekeza, na watu wengi wangeichagua. Niliikataa. Hiyo ndiyo inayolishwa flashi za wateja siku nzima, na mashine inayokutana na uchafu wote wa mtaa haipewi daftari la fedha za watu. Ikabaki ya mzee, kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika, iliyonunuliwa Kariakoo. Kasoro yake ilikuwa mbili: ilikaa chumbani kwake, na ilikuwa ikilala yenyewe baada ya dakika chache bila kuguswa. Tuliihamishia kwenye korido, jirani na kisanduku cha intaneti, na nikaondoa mpango wa kulala. Skrini inazima, mashine inabaki macho. Mzee anaiwasha baada ya swala ya alfajiri na kuizima anapokwenda kulala.

Kuhusu printa, bahati nzuri ilikuwa na tundu lake la waya wa mtandao. Printa ya namna hiyo haihitaji kompyuta ya kuisimamia. Inachomekwa kwenye mtandao, inapewa anwani, yaani namba yake ya kutambulika humo, basi.

Rauta mbili zisizoonana

Hapa ndipo muda mwingi uliishia, na kwa msomaji mwenye fremu au nyumba ya wapangaji, hapa ndipo pa kusoma taratibu.

Kabla sijafika, kijana alikuwa ameshavuta waya kutoka sebuleni hadi fremu na kufunga rauta ya pili kule, ya kwanza ikiwa kile kisanduku cha sebuleni. Intaneti fremu ilikuwepo, safi kabisa. Lakini laptopu ya mama haikuiona printa, wala mashine ya mzee haikuiona kompyuta ya binti. Kijana aliamini printa ni mbovu.

Printa haikuwa na tatizo. Tazama anwani. Kisanduku cha sebuleni kilikuwa kinagawa anwani zinazoanza na 192.168.1, na rauta ya fremu inagawa zinazoanza na 192.168.0. Zote ni anwani za ndani, zile zilizotengwa na waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996 kwa matumizi ya faragha, ndiyo maana unazikuta kila nyumba. Ila hapa zilikuwa mitandao miwili. Rauta ya pili ilikuwa imechomekwa kwenye tundu lake la kupokea intaneti, lile lenye rangi tofauti na mengine. Ukichomeka hapo, rauta inajiona iko mpakani: inawaruhusu wa ndani kutoka, inawazuia wa nje kuingia. Kwake yeye, nyumba kubwa nzima ilikuwa "nje".

Dawa yake haina gharama. Unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa rauta ya pili, unaipa anwani ya familia moja na kisanduku kikuu, nilichagua 192.168.1.2, kisha unazima ugawaji wake wa anwani, kile kipengele kinachoandikwa DHCP. Halafu unachomoa waya kwenye lile tundu la pekee na kuuchomeka kwenye mojawapo ya matundu ya kawaida. Kuanzia hapo inakuwa swichi, yaani kigawanyo cha waya wa mtandao, yenye Wi-Fi tu. Ugawaji wa anwani ni lazima uzimwe, kwa sababu wagawaji wawili kwenye mtandao mmoja huleta ugonjwa wa leo inafanya kazi, kesho haifanyi, na ugonjwa wa namna hiyo humaliza watu pesa za mafundi.

Baada ya hapo niliingia kwenye kisanduku kikuu na kuzifungia anwani mashine ya mzee na printa, zisibadilike. Mashine zote nne zikapewa majina mafupi: MZEE, MAMA, UANI, FREMU. Ukiacha majina yanayokuja na Windows, yale ya herufi na namba zilizochanganyika, hakuna atakayejua ipi ni ipi.

Waya

Mama aliuliza kwa nini tusitumie Wi-Fi kote. Kuta za nyumba hizi ni tofali za saruji na nguzo zenye nondo. Mawimbi ya gigahezi 5, yenye kasi, yanafia kwenye ukuta wa pili. Ya gigahezi 2.4 yanapenya zaidi, lakini Segerea kila nyumba ina yake, na kwenye masafa hayo njia zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Simu zinaweza kuvumilia msongamano huo. Printa ya biashara yenye mteja anayesubiri haiwezi.

Waya wa mtandao wa shaba unakwenda hadi mita 100, na kutoka sebuleni hadi fremu hapafiki nusu ya hapo. Shida ni waya wenyewe. Madukani kuna waya nyingi za alumini iliyopakwa shaba juu, na boksi linasema kila unachotaka kusikia. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Waya ule ni mwepesi mkononi, unakatika ukiukunja mara chache, na upotevu wake ni mkubwa kwenye umbali mrefu.

Waya wa fremu ulipofika wakati wa kufukiwa, fundi umeme wa nyumba alitaka kuupitisha kwenye paipu moja na waya wa umeme unaokwenda fremu, asichimbe mara mbili. Nikamwomba achimbe mara mbili. Waya wa umeme ukichubuka mle ndani, volti 230 zinaingia kwenye printa na kwenye mkono wa binti. Radi nayo ni jambo la kufikiria: msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, waya wa shaba unaounganisha majengo mawili ni njia nzuri ya kuunguza vifaa vya pande zote. Fremu inatumia mita na ethi moja na nyumba kubwa, na waya uko ardhini, kwa hiyo hatari imepungua, haijaisha. Kama fedha ingeruhusu ningeweka faiba, waya wa nyuzi za kioo, kipande hicho, maana kioo hakipitishi umeme. Niliwaandikia hivyo, wakachagua kusubiri.

Kwenye korido niliweka swichi ndogo ya matundu matano yenye kasi ya gigabiti moja, na waya wa banda la uani ukaingia hapo. Kijana akajaribu kuhamisha video, akalalamika. Kweli, mashine yake ilionyesha megabiti 100 badala ya 1,000. Ukiona namba hiyo, shuku vichwa vya waya kabla ya kitu kingine. Kasi ya 100 inatumia nyuzi nne tu kati ya nane, na ya gigabiti inazihitaji zote. Kipima waya kilionyesha uzi wa kahawia haujashika. Nilikata kichwa, nikabana kingine, namba ikapanda. Kwa mitihani ya mama tofauti hiyo haionekani. Kwa video ya harusi ya gigabaiti 8, ni kati ya dakika kumi na moja na dakika moja na kitu, kasi ya diski ikiruhusu.

Nywila, na ushauri mbaya wa kwenye video

Folda ya pamoja iliwekwa kwenye mashine ya mzee, na ndani yake nne ndogo: Mitihani, Kikoba, Video, Kuchapa. Kila mtu akafunguliwa akaunti ya kawaida kwenye mashine hiyo, jina na nywila. Mashine zote zikaambiwa huu ni mtandao binafsi, maana Windows ikidhani iko kwenye mtandao wa umma inajificha.

Mama alikwama mlangoni. Anaandika namba zake nne za kuingilia kwenye laptopu, anakataliwa. "Mwanangu, namba ni hizi hizi, nazitumia kila siku." Zile namba zinafanya kazi kwenye laptopu yake peke yake, hazisafiri kwenye mtandao. Inatakiwa nywila ya akaunti iliyoko kwenye mashine inayobeba folda. Mzee alikuwa na kinyume chake: akaunti yake haikuwa na nywila kabisa, na Windows haimruhusu mtu kuingia kwa mtandao kwa akaunti isiyo na nywila. Kukataliwa kwa namna hizi mbili ndiko kunakowafanya watu wengi waamini kwamba mtandao wao umeharibika.

Kijana alikuwa na suluhisho kutoka kwenye video: zima ulinzi wa nywila kwenye folda za pamoja, kila mtu aingie. Inafanya kazi, sikatai. Ila kila aliyepewa Wi-Fi ya nyumba hiyo, pamoja na wanafunzi wa tuisheni wanaofanya mitihani iliyomo kwenye folda, angeingia pia. Hoja hiyo ilimgusa mama kuliko maelezo yangu yote ya usalama. Video nyingine zinaelekeza kutengeneza "HomeGroup", njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana folda nyumbani. Microsoft ilikwisha kuiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2018, usiitafute.

Binti aliomba jambo moja nikalikataa. Skana ya printa ilitaka kutuma picha moja kwa moja kwenye folda, lakini kwa SMB1, lugha ya zamani ya kompyuta kupeana faili, ambayo Windows 10 iliacha kuiwasha yenyewe mwaka 2017. Mwezi Mei mwaka huo ndipo WannaCry, virusi vya kufunga faili na kudai fidia, ilipoenea duniani kwa kupitia udhaifu wa lugha hiyo. Skana inatuma kwa barua pepe, inatosha. Wateja nao hawapewi Wi-Fi: wanatuma kazi zao kwa WhatsApp au barua pepe ya duka, jambo lililopunguza flashi zenyewe.

Akaunti ya FREMU inaona folda ya Kuchapa peke yake, na inaisoma bila kuibadilisha. Binti akikuta jina limekosewa, anampigia mzee.

Umeme ukikatika, bando likiisha

Siku bando la nyumba lilipoisha, binti aliwatangazia wateja kwamba mtandao hakuna, hawezi kuchapa. Alikuwa anaweza. Folda, printa na swichi viko ndani ya kiwanja, havitoki kwenda kuomba ruhusa kwa kampuni ya simu. Intaneti ikiondoka, kinachoondoka ni WhatsApp, barua pepe na fomu za mtandaoni.

Umeme ni suala jingine. Mashine ya mzee ikizimika ghafla daftari likiwa wazi, faili linaweza kuharibika. UPS ndogo, betri ya akiba, inaibeba hiyo mashine, swichi na kisanduku kwa muda wa kutosha kuhifadhi na kuzima kwa adabu. Fremu haina, na haihitaji. Printa ya leza huwezi kuiendesha kwa UPS ya namna hiyo.

Udhaifu uliobaki ni ule ule: vyote viko kwenye diski moja. Mzee ana diski ya nje, anaichomeka kila Jumapili jioni, ananakili, anaichomoa na kuifungia kabatini. Kuichomoa ni sehemu ya kazi, kwa sababu virusi vinavyofunga faili kwa ajili ya fidia hufunga kila diski iliyochomekwa. Desemba wakisafiri kwenda Moshi, folda ya Kuchapa itanakiliwa fremu na mashine ya mzee itazimwa. Na kama mashine hiyo haiwezi kupokea Windows 11 itabidi ibadilishwe, maana Microsoft ilisitisha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ikifika siku ya kuibadilisha nitawashauri kifaa kidogo cha kuhifadhia chenye diski mbili, ambacho kinakula umeme kidogo na hakimtegemei mtu wa kukiwasha.

Limebaki moja ambalo si la kifundi. Kwenye folda ya Kikoba, mzee anaandika, mama anasoma tu. Mama ni mwanachama, tena wa siku nyingi, na anadai naye apewe ruhusa ya kuandika michango anapoipokea. Mzee anasema mweka hazina ni mmoja. Kubadilisha ruhusa hiyo ni kazi ya dakika moja, na nimewaambia wakikubaliana wanipigie simu.